Tangi la Bwana Geji

Usiku ule nilikaa jikoni na simu mbele yangu juu ya meza, sauti nimeifungua mpaka mwisho. Saa mbili na robo jirani yetu mshonaji alikuwa amenipigia kutoka ukumbi wa chuo cha ufundi. "Mama Fundi, kuna kitu kimelipuka huku, watu wanatoka mbio," akasema, na simu ikakatika. Tangu hapo nikimpigia yeye, hapatikani. Nikimpigia binti yangu, inaita tu. Inaita mpaka inachoka, halafu yule mwanamke wa mtambo ananiambia nijaribu tena baadaye, kana kwamba mimi nilikuwa na baadaye.

Binti yangu alikuwa amekwenda kwenye maonyesho ya injini ndogo za mvuke. Ni injini za watu wazima kuchezea, ukubwa wa cherehani, lakini zinachoma mafuta kweli, zinachemsha maji kweli na zinakwenda kwa magurudumu yake. Yeye ndiye huwaundia wenye injini matangi ya mafuta ya taa, yale yanayopampwa upepo ndani ili moto utoke kwa nguvu, kama jiko la pampu. Kwa hiyo neno "kulipuka" sikuweza kulisikia kama wanavyolisikia wengine.

Sikujua kilicholipuka ni nini wala nani kaumia. Lakini kwamba shemeji yangu alikuwa na mkono wake katika jambo hilo, nililijua kabla sijaiweka simu mezani. Balaa zote zilizowahi kuingia nyumba yetu ziliingia naye, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Saa nne na nusu simu ikalia.

"Mama, mimi mzima."

"Uko wapi?"

"Hospitali. Usipige kelele, mama, mimi mzima. Ni baba mdogo. Ameungua mikono yote miwili, na nyusi hana."

Mungu anisamehe, habari ya nyusi haikunihuzunisha.

"Kimelipuka nini?"

Nikasikia kitanda cha magurudumu kikipita karibu naye.

"Tangi lake. Namba thelathini na moja. Ni la kwangu, mama. Na kabla hawajampandisha kwenye gari ameshawatangazia watu wote ukumbini kwamba kazi yangu ni mbovu."

Jumatatu ya wiki mbili mbele binti yangu alikuwa aanze kazi katika karakana ya chuo kile kile, kufundisha kulehemu. Barua ilikuwa ndani ya kabati langu, katikati ya mashuka, mahali ninapoweka vitu visivyotakiwa kupotea. Mkuu wa karakana ndiye pia mwenyekiti wa chama cha injini. Alikuwa amemwambia binti yangu pale pale hospitalini, kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume, kwamba Jumamosi ijayo kutakuwa na kikao, na kama kosa ni la tangi, basi ile barua ahesabu hakuipata.

*

Shemeji yangu ni mdogo wake marehemu mume wangu, kitinda mimba wao, na alilelewa kama yai. Watu humwita Bwana Geji. Miaka thelathini alifanya kazi katika ghala la idara ya maji, akiwa nyuma ya dirisha la wavu, akiwapa mafundi mabomba na koki. Kutengeneza hakuwahi kutengeneza kitu. Alipokea karatasi, akatoa bomba. Lakini siku moja, kabla hata mimi sijaolewa, walitupa geji moja ya kupimia presha ya maji iliyokufa, sindano yake imekwama kwenye nne, naye akaiokota, akaifuta, akaitia katika mfuko wa shati. Tangu hapo hajatoka nyumbani bila hiyo geji. Mkiwa mnazungumza huitoa, huitazama, hutikisa kichwa, huirudisha. Chai ikichelewa huitazama. Mgonjwa akihema vibaya huitazama. Na sindano imo kwenye nne.

"Shemeji," nilimwuliza mara moja, "hiyo inapima nini?"

"Huwezi kuelewa," akanijibu. "Ni mambo ya presha."

Huyo ndiye aliyetufungia tangi la maji juu ya paa mwaka ule mume wangu alipokuwa mgonjwa. Akaliweka vizuri, akalipaka rangi, akashuka akijipangusa mikono. Bomba la kutolea maji yakizidi hakuliweka. Alisema lingeharibu sura ya ukuta. Siku ya tatu maji yalijaa, yakakosa pa kwenda, yakashukia chumbani kwetu juu ya kitanda cha mgonjwa. Nilipomwendea alikuja, akatazama dari, akatoa geji yake, akasema idara imeongeza presha bila kutoa taarifa. Mume wangu, aliyekuwa hana nguvu hata ya kugeuka, alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakamua godoro.

Alipostaafu akajiunga na chama cha injini za mvuke. Wenzake wengi ni watu wa kazi: wanachonga, wanakereza, mikono yao ina makovu. Yeye alinunua injini ambayo mwenzake mmoja alikuwa ameimaliza karibu yote kabla ya kuhama mji. Kilichobaki kilikuwa rangi. Akaipaka kijani, akaizungushia mistari miekundu, akaitengenezea kitambaa cha kuifunika, na kuanzia siku hiyo akawa anasema, "injini niliyoiunda." Mkewe, mwanamke mpole kuliko anavyostahili mume yule, alikuwa akisikia hivyo anakwenda jikoni.

*

Sasa niseme kidogo jinsi tangi linavyoundwa, maana nimeliona likiundwa mara thelathini na zaidi. Karakana ya binti yangu ni kile chumba cha nyuma alichokiacha baba yake, fundi wa rejeta za magari. Kuna meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, kuna ukuta wa tupa na nyundo, na dirisha moja linalotazamana na jiko langu. Nikikata vitunguu namwona.

Huchukua bomba nene la shaba nyekundu, unene wa kopo la maziwa, hukata kipande cha shibiri. Vifuniko viwili hukata kutoka kwenye bamba, huvichoma mpaka viive, huvitumbukiza majini vilainike, kisha huvigonga juu ya kalibu ya mbao mpaka kingo zijikunje na uso ubinuke kama mgongo wa kijiko. Hagongi kwa hasira. Hugonga kama anayembembeleza mtu alale. Halafu hulehemu kwa lehemu ya fedha, ile inayotaka shaba iwe nyekundu kwa moto ndipo ikubali kuyeyuka, na ikishashika haikumbuki tena kwamba ilikuwa kitu kingine.

Na katikati ya tangi hupitisha ufito. Ni fimbo ya shaba, nene kama kidole changu kidogo, inayotoka kifuniko hadi kifuniko, ina nati huku na nati huku, na nati zenyewe zimelehemiwa. Nilimwuliza kwa nini anahangaika nao.

"Mama, upepo ukijaa humo ndani unavisukuma vifuniko vyote viwili nje. Huu ufito umevishika mikono. Visiachane."

Nikauelewa. Mimi darasa nililifikisha la saba tu, lakini kushikwa mkono naelewa.

Tangi likikamilika hulijaribu, na hulijaribu kwa maji. Mara ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango na beseni kifuani kama ngao.

"Mama, toka huko," akasema akicheka. "Ungekuwa upepo, ningekuwa na wewe huko nyuma. Upepo ukibanwa hujikunja kama springi, siku ukipata ufa unaruka na kila kitu. Maji hayajikunji. Tangi likishindwa, litadondosha tone, basi."

Hulijaza maji mpaka hakuna hata puvu la hewa, hulipampu kwa mkono mpaka presha iwe mara mbili ya ile litakayofanyia kazi, hulilaza juu ya gazeti, hukaa nusu saa analitazama. Gazeti likipata doa dogo kama mbegu ya ufuta, tangi linarudi motoni. Likipita, hulipiga muhuri wa namba ubavuni na kuandika katika daftari: siku, namba, presha, dakika. Kisha huweka vali ndogo ya usalama, na mwenye tangi huambiwa asijaze mafuta kupita robo tatu na asilibananishe na tanuri la injini.

Bwana Geji alikuwa akija kuangalia kazi hiyo ameegemea mlango.

"Unaogesha matangi," alimwambia binti yangu. "Kama vichanga. Huwapaki poda?"

"Nikimaliza kuogesha, baba mdogo, hawalii."

"Enzi zetu tulitazama kwa jicho." Akatoa geji, akaitazama.

Alikuja pia siku ya kuchukua lake, namba thelathini na moja. Nilikuwa dirishani na vitunguu vyangu, nikasikia kila neno. Alilishika juu, akaligeuza, uso ukamshuka.

"Hii nati ya nini hapa mbele?"

"Ni ya ufito wa kati."

"Lakini hapa ndipo pa kuweka kibao changu. Nimeshakichongesha. Jina langu na mwaka." Akakitoa mfukoni, kibao cha shaba njano, kiduara kama kifuniko cha chupa ya dawa, kimeng'arishwa. "Sasa jina langu likae wapi?"

"Liweke juu, mgongoni."

"Juu? Nani atalisoma huko juu, ndege?"

"Baba mdogo, nati hiyo haiondoki. Ukitaka kubadili chochote, nirudishie mimi. Tafadhali."

"Mimi nimeanza mambo ya presha wewe hujazaliwa," akasema, na akaondoka nalo kwapani. Binti yangu alibaki amesimama mlangoni akimtazama mpaka alipopinda. Nami nikamtazama binti yangu. Nilitaka kumwambia akamnyang'anye. Sikumwambia, na kwa hilo bado najilaumu.

*

Mshonaji alikuja asubuhi baada ya ule usiku, akanisimulia. Injini ya Bwana Geji iliwashwa vizuri, ikazunguka ukumbi mara nne, watoto wanaifuata. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama mbele yake akimwonyesha mtu jina lake kwenye kile kibao. Mara kibao kikaruka. "Kimepita hapa," mshonaji akasema akigusa sikio lake, "kikaenda kugonga saa ya ukutani." Nyuma yake ukatoka mvuke wa mafuta kama pumzi ya jini, ukashika moto kwenye mikono ya shemeji. Binti yangu ndiye aliyevua koti lake la kazi, akamvingirisha mikono, akaimwagia injini ndoo ya mchanga. Wengine walikuwa wameshafika barabarani, mwenyekiti akiwatangulia.

"Na alipofumbua macho tu," mshonaji akasema, "kitu cha kwanza: 'Tangi la huyu mtoto!' Koti la mtoto bado limo mikononi mwake, Mama Fundi. Linatoa moshi."

Jumatano nikaenda kumwona. Alikuwa ameshatolewa hospitali, amelazwa kwenye kochi sebuleni, mikono imefungwa bandeji mpaka imekuwa kama mito miwili. Bila nyusi alionekana kama mtu anayeshangazwa na kila kitu. Geji ilikuwamo mfukoni. Sijui nani aliyemtilia. Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Karibu, shemeji," akasema akimeza. "Nimeshamsamehe mtoto."

"Umemsamehe nini?"

"Ujana. Haraka. Nitamwombea kwenye kikao wasimfungie kabisa. Aanze upya, chini ya uangalizi wa mtu mzoefu."

"Mzoefu yupi?"

Akafikiri kidogo, kisha akashusha macho kwa unyenyekevu. Nikainuka, nikasema naomba kwenda msalani, kwa sababu kijiko cha uji kilikuwa karibu na mkono wangu na sikujiamini.

Msalani kwao kuna dirisha dogo la kioo linalofunguka kwa nje. Lilikuwa wazi, na lilikuwa limezuiwa kwa fimbo ya shaba lisijipige na upepo. Nilinawa mikono nikiitazama fimbo ile. Nene kama kidole changu kidogo. Urefu shibiri na kidogo. Upande mmoja ina nati, na kuzunguka nati kuna pete ya lehemu ya fedha, imeungua nyeusi mtu alipoichoma kwa pupa mpaka ikalegea. Sikuigusa. Nilimwita mkewe.

"Mdogo wangu, hii umeipata wapi?"

Akaitazama, akanitazama. Sebuleni mumewe alikuwa anaita uji.

"Alinipa mwezi uliopita," akasema taratibu. "Dirisha lilikuwa linanipigia kelele usiku. Akasema, shika hii, haina kazi tena." Akafunga dirisha, akaitoa fimbo, akaifuta kwa kanga yake na kunipa. "Nitatafuta kijiti."

Basi nikaunganisha na alama za risasi na za tanuri alizoziona binti yangu kwenye tangi, nikajua yote. Alikuwa amezichoma nati, akauchomoa ufito, matundu akayaziba kwa risasi ya kulehemia redio, ile laini inayoyeyuka kwa moto wa kibatari, na juu ya tundu la mbele akabandika jina lake. Halafu kwa kuwa nafasi ilibaki mahali pa nati ya nyuma, akalisogeza tangi likagusana na tanuri ili injini ionekane nadhifu. Mtu aliyeacha bomba la kumwagia maji kwa ajili ya sura ya ukuta. Miaka ishirini ilipita, na hakujifunza hata maji ni maji.

*

Jumamosi kikao kilikaa katika ofisi ndogo iliyo nyuma ya ukumbi. Mezani walikuwa watatu, mwenyekiti katikati. Mbele yao tangi namba thelathini na moja, jeusi, na tundu kwenye uso wake. Binti yangu alisimama. Shemeji aliketi, mikono mapajani kama anayesubiri kupewa watoto pacha. Mimi niliruhusiwa kukaa mlangoni.

"Tazameni kingo," binti yangu akasema. "Zote zimeshika. Hakuna palipofunguka ila hapa katikati, na hii ni risasi. Mimi risasi sina hata karakanani. Na ufito wangu huu hapa."

Akauweka mezani. Mwenyekiti akauchukua, akaupima kwenye tangi. Ukaenea.

"Bwana Geji?"

"Fito za shaba ninazo nyingi," shemeji akasema. "Hiyo ni ya kazi nyingine. Tangi nililipokea hivyo hivyo, limezibwa. Mimi kwenye tangi nimeweka rangi na kibao tu."

"Daftari langu linaonyesha nililijaribu kwa maji, presha mara mbili, nusu saa," binti yangu akasema. "Risasi isingestahimili."

"Daftari! Hata mimi naweza kuandika kwamba nimekwenda mwezini."

Mmoja wa wale watatu akacheka. Mwenyekiti akamgeukia mke wa shemeji, aliyekuwa kajibanza pembeni. "Wewe, mama, ufito huu unaujua?"

Alimtazama mumewe, kisha sakafu. "Mimi mambo ya vyuma siyajui."

Sikumlaumu. Yeye ndiye anayerudi naye nyumbani.

Binti yangu akaomba tangi likatwe. Ndani, akasema, kuzunguka tundu kutakuwa na pete ya lehemu ya fedha iliyoushika ufito. Mwenyekiti akakuna kidevu. Mtu yule nilimsoma kama mfuko wa unga. Yeye ndiye aliyetia saini cheti cha injini ile siku ya maonyesho, akaipitisha bila kuuliza kama tangi limejaribiwa tena, kwa sababu rangi ilikuwa nzuri. Kosa likiwa la msichana, saini yake haimdhuru mtu.

"Tutalikata," akasema. "Lakini pete itaonyesha tu kwamba ufito ulikuwemo. Haitaonyesha nani aliutoa. Inawezekana fundi mwenyewe alighairi. Na neno la mtu mzima wa miaka yake, binti, lina uzito."

Niliona shingo ya mwanangu ikiingia mabegani. Hivyo ndivyo anavyofanya asipotaka kulia. Wakatoka wote watatu, tangi mkononi, kuelekea karakana ng'ambo ya ua, na binti yangu nyuma yao. Shemeji alisema mikono inamwuma, atawasubiri pale pale.

Mkewe naye akatoka. "Nakwenda duka la dawa," akamwambia, "vidonge vyako vimekwisha." Aliponipita mimi, niliyekuwa nimehamia benchi la varandani kuwapisha, alisimama kidogo, akarekebisha kanga. "Mlango huu una springi, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Hujifunga wenyewe." Akaenda zake, polepole sana kwa mtu anayefuata dawa.

Mlango ukajifunga. Kitasa chake ni cha mviringo, cha kuzungusha.

Nilikaa. Kutoka ng'ambo nikasikia msumeno wa chuma ukianza. Robo saa ikapita, labda zaidi. Kisha ndani nikasikia kiti, hatua, na kitu laini kinagusagusa kitasa. Kikagusa tena. Kisha kiwiko kikagonga.

"Nani yuko hapo nje?"

"Mimi."

"Ah, shemeji! Nifungulie. Nataka kwenda msalani. Ule uji."

"Ufito ulitoka wapi?"

Kiwiko kikagonga tena.

"Shemeji, sisi ni watu wazima. Nifungulie kwanza, tutazungumza."

"Mimi huku nazungumza vizuri tu."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Duka la dawa."

"Lile la kona?"

"Hakusema. Alikuwa anatembea taratibu."

Nikamsikia anahama mguu huu kwenda mguu ule. Mimi sikumfungia. Mlango haukuwa na ufunguo, na kama mikono yake ilikuwa ndani ya bandeji, aliiweka humo mwenyewe. Msumeno ukanyamaza. Hapo ndipo ilipokuwa riziki ya mwanangu, nyuma ya mbao ile, ndani ya kinywa cha mtu ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe.

"Shemeji, huu ni unyama!"

"Ufito."

"Nitamwambia kaka yangu… " Akakumbuka kaka yake yuko wapi. Kisha kiwiko kikagonga mfululizo. "Shemeji! Shemeji, nakuomba, suruali hii ni ya kikao!"

Walikuwa wanakuja uani. Mwenyekiti ameshika nusu ya tangi, binti yangu nyuma yake uso umemsawijika. Nikainua kidole mdomoni. Wakasimama.

"Niliutoa!" akapiga kelele. "Niliutoa mimi, nikaziba na risasi, basi! Kwani nati ile ilikuwa na sura gani? Ingekaa pale mbele kama kipele! Umeridhika? Fungua!"

"Tangi namba ngapi?"

"Thelathini na moja! Thelathini na moja, mama wee, fungua!"

Mwenyekiti akaitazama nusu ya tangi aliyoishika. Ndani, kuzunguka tundu, kulikuwa na pete nyeupe, safi. Akanitazama mimi. Nami nikamtazama, mikono yangu imetulia mapajani, na kiwiko kinagonga mgongoni kwangu. Sikuwa na haraka. Nilisubiri naye aseme lake.

Akamgeukia binti yangu, akakohoa.

"Jumatatu ile," akasema, "saa mbili kamili asubuhi. Uje na daftari lako."

Ndipo nikainuka, nikazungusha kitasa.